Mkono Ulioganda na Jina Nililolitaja

Vijana wangu mnaokuja hapa Chemchem kila Jumamosi na magitaa mgongoni, swali lenu huwa ni lile lile: nifanyeje ili nipige haraka? Hakuna aliyewahi kuniuliza afanyeje ili mkono usife. Mnadhani hayo ni mambo ya wazee. Mkono wangu wa kulia uliganda nikiwa na miaka ishirini na minne, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na kabla haujapona nusura umuue mtu. Nitawaeleza jinsi ulivyoganda na jinsi nilivyoulegeza, na la huyo mtu nitalieleza pia, maana nikiliruka nitakuwa nimewadanganya.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, wakati watu wanahamia vijiji vya Ujamaa na karibu kila shirika la umma linataka liwe na bendi yake. Letu lilikuwa na bendi ya watu tisa. Kwenye karatasi mimi nilikuwa tarishi. Nilipewa baiskeli ya ofisi na mfuko wa ngozi wa kubebea barua, ila barua nilizopeleka mwaka mzima zingeenea kwenye kofia. Kazi yangu hasa ilikuwa gitaa la solo. Meneja alijua, makarani walijua. Nami nilijua kwamba siku nikishindwa kupiga, utarishi nao umekwisha. Mtu asiye na kazi mjini siku zile aliitwa mzururaji. Lori lilikuwa linapita sokoni na stesheni kuwakusanya, wapelekwe vijijini wakalime. Kulima sikukudharau, mama yangu alikuwa mkulima huko njia ya Sikonge, na jembe ndilo lililonilea. Lakini nilikuwa nimelikimbia jembe kwa ajili ya gitaa. Kupandishwa lori mbele ya watu wanaoniita "Solo" barabarani, hilo lilinitisha kuliko njaa.

Kulikuwa na jambo jingine la kuniogopesha, nalo lilikuwa na sura na jina. Kabla yangu solo alikuwa Maganga. Alikuwa mpigaji hodari kuliko mimi, wote waliomsikia wanasema hivyo. Mkono wake ulianza kukaza kidogo kidogo, mpaka vidole viwili vikajikunja na havikunyooka tena. Nilipoingia kwenye bendi yeye alikwishakuwa fundi baiskeli karibu na soko. Alikuwa anaziba pancha kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia anautumia kama kulabu ya kushikia tairi. Nilizoea kupita njia ya nyuma ili nisimwone. Siku moja baiskeli ya ofisi ikaishiwa upepo mbele yake hasa, nikakosa pa kukimbilia. Aliziba pancha. Alipomaliza akautazama mkono wangu, akasema, "Unapiga kwa kiwiko, kama mimi." Sikumuuliza ana maana gani. Niliondoka na baiskeli yangu.

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tunapiga, mnicheke kidogo kabla hatujafika pabaya. Nyimbo zetu zilikuwa na mwendo wa pole mwanzoni, waimbaji wakieleza habari zao, halafu mwishoni waimbaji wananyamaza na gitaa la solo linakimbia peke yake. Sehemu hiyo ndiyo sebene. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya sebene. Amplifaya yetu ilikuwa dhaifu, ikipandishwa inakoroma kama mzee aliyeshiba, kwa hiyo nilipiga nyuzi kwa nguvu ili nisikike juu ya ngoma. Gitaa nililining'iniza chini, karibu na magoti, kwa sababu kwenye jalada la santuri moja kutoka Kongo tulimwona mpigaji amelining'iniza hivyo. Hatukujua kwamba yule alikuwa amesimama kwa ajili ya picha tu. Uzi mwembamba ukikatika na dukani hakuna, tulifumua waya wa breki ya baiskeli. Na kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, tulikikata kwenye kitana. Aliyekuwa hodari wa kuvikata ni Shaabani, mpigaji wetu wa gitaa la ridhimu. Mkewe aliishia kuficha vitana vyake kwenye gunia la mpunga.

Shaabani alikuwa rafiki yangu. Shirikani alikuwa karani wa stoo. Tulikula sahani moja mchana, tulifanya mazoezi pamoja, na mtoto wake wa pili aliniita baba mdogo. Kumbukeni hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, kwenye bugi, yaani dansi la alasiri linaloanza saa tisa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasikia moto kwenye shina la kidole gumba. Kila nikifika kwenye sebene, mkono toka kiwikoni hadi vidoleni unakuwa kama ubao. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiusugua kwa mafuta ya nyonyo nyumbani na kujiambia ni uchovu tu. Katika wimbo wa tatu waimbaji wakanyamaza, watu wakapaza sauti, nikaingia. Sijui nilipiga muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba vidole viliacha kunisikia. Kipande kikadondoka. Nikainama kukiokota, vidole vikakigusa lakini havikukishika. Nikabaki nimeinama pale jukwaani kama mtu anayetafuta sindano, na ukumbi mzima unanitazama.

Kisha nikasikia solo inapigwa. Shaabani alikuwa amepandisha mkono kwenye gitaa lake na kuishika sebene yangu, sauti kwa sauti, mpaka wimbo ukaisha. Aliniokoa. Watu wengi hawakugundua kitu. Lakini mimi nikiwa pale chini sikuwaza kwamba ameniokoa. Niliwaza: huyu ameijua lini?

Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa, Mmoravian wa kweli, mwimbaji wa sauti ya pili na mwombeaji wa wagonjwa. Nilipofika kijijini na mkono wangu umefungwa kitambaa, alinisalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mwanangu," akautazama, akaniombea kwa machozi. Kesho yake akanipeleka kwa mganga. Alisema Mungu hasemi tusiulize njia.

Yule mganga hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa amevaa kaptura ya khaki na anakohoa. Aliniuliza maswali ya kawaida. Mkono ulianza lini. Ukishindwa wewe, nani anapiga. Nani anakugusia gitaa lako. Nani unakula naye. Kila swali lilikuwa na jibu moja. Leo nikikumbuka, mganga hakutaja jina la mtu yeyote. Jina nililitaja mimi. Yeye alitikisa kichwa tu, akanichanja chale kwenye kifundo cha mkono na kupaka dawa nyeusi.

Nilikaa kijijini siku kumi. Mkono ukapata nafuu. Sasa najua kwamba ulipata nafuu kwa sababu kwa siku kumi sikushika gitaa, lakini wakati ule niliuchukulia kuwa ushahidi. Niliporudi mjini nilimwambia mtu mmoja tu, mpiga tumba wetu, kwamba Shaabani ameniroga, tena nikamwapisha asiseme. Nilikataa kula na Shaabani, nikamwambia tumbo linanisumbua. Gitaa langu nikaanza kulifungia chumbani.

Mnajua kwetu huku neno kama lile likitoka kinywani linafika wapi. Wiki mbili hazikuisha. Mke wa Shaabani alipanga foleni kwenye bomba la mtaa, wanawake wakasogeza ndoo zao mbali na yake. Watoto wake wakarudi toka shule wameambiwa wasikae dawati moja na wenzao. Asubuhi moja alikuta majivu yamemwagwa mlangoni kwake. Kisha mawe yakaanza kutua juu ya bati, na wala hayakungoja giza. Yalitua jioni, watu wakiwa barazani wanatazama. Balozi wa nyumba kumi akamwambia kwa upole kwamba pengine angeona vizuri kuhama kwa muda.

Shaabani hakuniuliza chochote. Alikuja mazoezini, akapiga, akaondoka. Alikonda. Mara moja nilimwona anageuka ghafla kwa sababu baiskeli ilipiga kengele nyuma yake. Mtu mzima, karani wa stoo, anaruka kwa kengele ya baiskeli. Nami nilikuwa naogopa vilevile, kila mmoja akimwogopa mwenzake, na ridhimu na solo zinaendelea.

Halafu mkono ukaganda tena, safari hii mazoezini. Kiongozi wa bendi, Bwana Pius, alinichukua pembeni. Hakuwa mkali. Alisema wakubwa wa shirika watakuja kwenye bugi baada ya wiki tatu, na kwamba kuna kijana huko Mwanza anayetafuta bendi.

Jumamosi hiyo Maganga alikuja chumbani kwangu. Hakuwa amewahi kuja kabla. Alikaa kwenye kiti changu kimoja, akauweka mkono wake uliopinda juu ya goti kama kitu cha mtu mwingine.

"Nimesikia umemtaja Shaabani," alisema.

Nikakaa kitandani.

"Mimi nilimtaja shangazi yangu. Aliyenilea. Walimfukuza kijijini kwake, akaenda kwa miguu kwenda kwa ndugu zake. Hakufika." Akautazama ule mkono. "Na huu haukupona. Uliendelea kujikunja vilevile, huku yeye hayupo."

Nilimuuliza nifanye nini. Akaniambia niende kwa Bi Zuwena, nyuma ya soko. Alisema mama huyo alimwona akipiga zamani, kwenye harusi moja, akamwita na kumwambia mkono wake utaharibika. Maganga akacheka. Alijiambia, mwanamke atamfundisha nini mpiga solo.

Bi Zuwena alikuwa mjane wa familia ya wafanyabiashara wa Kiarabu, wale ambao mababu zao walikuja na misafara wakabaki hapa. Alipiga udi, lile gitaa la tumbo nene la taarabu. Alifundishwa na baba yake, na alipiga kwenye shughuli za wanawake tu. Nilimkuta uani anachambua mchele na mkwewe. Nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza habari zangu. Hakutaka kuona gitaa. Alisema nikae nile, maana ilikuwa saa ya chakula.

Nilikula wali kwa mkono, kama kawaida, naye ananitazama vidole. Nilipoona aibu nikaacha.

"Endelea," alisema. "Hapo tonge umelishika kwa nguvu gani? Ukilibana, mchuzi unatoka. Ukililegeza mno, linamwagika. Nani alikufundisha?"

Nikasema hakuna aliyenifundisha.

"Basi mkono wako unajua. Wewe ndiye unayeusahaulisha ukishika gitaa."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nimelitumia kwenu wote, hata wale mliolalamika kwamba mmekuja kupiga gitaa na si kula. Kipande kishikwe kama tonge. Kikikuzunguka kidogo kati ya vidole si kosa. Kiache kizunguke, kirudishe. Mimi nilikuwa nakibana mpaka ukucha unakuwa mweupe.

Somo la pili alinipa kwenye beseni. Aliniambia ninawe, kisha nikung'ute maji mkononi. Nikakung'uta. Akaniuliza kiwiko kimefanya nini. Hakikufanya kitu, kifundo ndicho kilichotikisika, na vidole vikafuata. Akasema huo ndio mwendo, basi, hakuna mwingine. Nikakumbuka neno la Maganga kuhusu kiwiko. Mimi nilikuwa nikitaka kasi nakaza kifundo na kutikisa mkono mzima toka begani, kama mtu anayetwanga. Mkono mzima ni mzito. Hauwezi kwenda na kurudi mara nyingi hivyo bila kuchoka, na ukichoka unakaza zaidi, na ukikaza unachoka zaidi.

Nilimtembelea kila siku baada ya kazi, mkwewe akiwa pale pale uani. Siku ya tatu ndipo alipokubali kuliona gitaa. Alinifanya niupandishe mkanda mpaka gitaa likakaa tumboni. Nililia moyoni, nilijiona kama mtoto aliyevalishwa kibwebwe. Lakini mkono ukakaa umelegea juu ya gitaa badala ya kunyooka kwenda chini. Kile kipande cha kitana alikigonga kwenye sahani, akasema ni kigumu kama jino. Nikatafuta chembamba zaidi. Nilikikata kwenye plastiki ya kopo. Akanifundisha ncha tu ipite juu ya uzi. Mimi nilikuwa nakichimbia ndani kama jembe, kila uzi nauinua kama kisiki. Na akagundua kwamba napiga kwenda chini tu, chini, chini, kila mara naurudisha mkono juu bure.

"Ukifagia, ufagio unarudi mtupu?" aliniuliza. "Ukirudi nao ufagie."

Chini na juu, kwa zamu. Kazi ile ile kwa nusu ya mwendo. Leo hata mtoto wa shule anajua hivyo. Mimi nililijua nikiwa solo wa bendi ya watu tisa.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni pumzi. Alinisimamisha katikati ya sebene, akasema, umeacha kupumua toka ulipoanza. Na meno nimeyauma. Akanifanya niimbe kile ninachopiga, kwa sauti ya chini, maana anayeimba hawezi kuzuia pumzi. Na sheria yake ilikuwa kwamba nipige polepole mno, mpaka nione haya, halafu nikimbie kwa pumzi moja fupi tu na kusimama. Nikimbie, nisimame. Mkono ukianza kukaza hata kidogo, niache papo hapo, niuning'inize, nianze upya taratibu. Usiufundishe mkono kukimbia huku umekaza, alisema, utajua hivyo hivyo mpaka uzeeni. Tena mniangalie hapa vizuri: uchovu ni kitu kimoja na maumivu ni kitu kingine. Ukisikia kisu, au vidole vikifa ganzi, usiendelee na mazoezi yangu wala ya mtu yeyote. Nenda hospitali ya Kitete ukaonwe na daktari. Maganga alipiga juu ya ganzi miaka miwili.

Nilipofikisha wiki moja nilimweleza Bi Zuwena habari ya Shaabani. Sijui kwa nini nilimweleza. Aliacha kupiga.

"Umemtaja kwa watu?"

"Kwa mmoja."

Alilaza udi juu ya mkeka. Kisha akasema kwamba mkono wangu umeanza kupona, lakini ule ulimi, kwa huo hana dawa, na nisirudi uani kwake mpaka nimekwenda kwa yule mtu.

Nilizunguka nyumba ya Shaabani mara tatu kabla sijabisha hodi. Mkewe alifungua, akaniona, akarudi ndani bila kuitikia salamu. Shaabani alitoka. Nilimwambia pale pale mlangoni kwamba mimi ndiye niliyemtaja, na kwamba ni uongo. Nilimweleza yote, ya kiwiko na pumzi na kipande, nikijua jinsi yanavyosikika kipuuzi mbele ya bati lililobonyea kwa mawe.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuniuliza nimejifunza lini solo yako?"

Nikatazama mawe yaliyobaki mlangoni.

"Miaka mitatu nakaa kushoto kwako," alisema. "Ningeachaje kuijua?"

Nikamwambia nitasema mbele ya watu, kwenye bugi ile, na nikamwomba aje apige. Alitazama barabarani pande zote mbili. Akasema akija hajui kama atarudi salama. Nikamwambia tutakwenda pamoja na kurudi pamoja. Akarudi ndani. Lakini Jumapili nilipopita, alikuwa amevaa shati la bendi.

Ukumbi ulijaa kupita siku zote. Wakubwa wa shirika walikaa mbele, na nyuma yao watu waliokuja kuona kama mkono wa Solo utakufa. Nilisimama kwenye maikrofoni kabla ya wimbo wa kwanza. Nilisema hivi, na sikusema kwa ufasaha: mkono wangu haukurogwa, niliubana mwenyewe kwa kutojua kupiga, na huyu ndugu yangu hana hatia, mwenye hatia ni mimi. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Pius akahesabu, tukaanza.

Sasa fikirini nilipokuwa. Nikishindwa, siyo tu lori na kijana wa Mwanza. Mkono ukiganda leo, Shaabani yuko kushoto kwangu, watu wote wanatazama, basi maneno yangu yamekufa na yeye amekwisha. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada. Na woga, vijana, ndio unaokaza mkono kuliko mkanda na kipande na kiwiko vyote kwa pamoja.

Nyimbo mbili zilipita salama. Wa tatu ulikuwa ule ule. Waimbaji wakanyamaza, nikaingia kwenye sebene, na baada ya muda mfupi nikasikia moto kwenye shina la gumba. Kisha ubao ukaanza kupanda. Nilitaka kukaza ili niumalize haraka. Badala yake nikashusha bega. Nikapumua. Nikapiga laini, laini mno, nikiiachia amplifaya iseme kadiri iwezavyo. Na nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha: nikaacha sauti mbili zipite bila kupigwa. Zilipaswa kuwapo, nikaziacha. Mkono ukashuka, ukapumzika nafasi ya sauti mbili, ukarudi.

Shaabani aliona. Ile nafasi niliyoiacha aliijaza kwa ridhimu, kama vile tulipanga. Kisha akavuta mapigo nyuma kidogo sana, mpiga ngoma akamfuata, na wimbo wote ukatulia kiasi ambacho mchezaji hawezi kukijua lakini mkono unakijua. Tukaenda hivyo, nikiacha anajaza, nikikimbia ananishikilia. Kipande kikazunguka, nikakirudisha. Nilipofika mwisho nilikuwa nimelowa jasho mpaka viatuni, na vidole vyangu vilikuwa wazi.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliisha hapo. Mimi nilibaki na kazi, na nilipiga kwa miaka mingine mingi. Lakini siku ya pili nilisikia sokoni kinachosemwa. Walisema Shaabani ameona haya mbele ya wakubwa, akanifungulia mkono. Mnaelewa? Niliposhindwa, ni yeye. Nilipoweza, ni yeye vilevile. Mawe yalikoma, ndoo kule bombani zilisogea karibu kidogo, lakini jina la mchawi lilibaki limemganda. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikieleza, watu wakinipa kiti na kunisikiliza kwa heshima, kisha wakinisindikiza wakiwa na wazo lile lile walilokuwa nalo.

Alikaa miezi minane, akaomba uhamisho kwenda Kigoma. Nilimsaidia kubeba mizigo hadi stesheni. Mkewe hakusema nami neno, na sikumlaumu. Shaabani aliongea nami habari za kawaida, treni imechelewa, mvua zitanyesha lini. Sikumwona tena. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba anapiga kwenye harusi huko, gitaa la solo, na anapiga vizuri.

Jumamosi iliyopita, mlipokwisha kuondoka, alibaki mmoja wenu, yule binti anayepigia kwaya. Aliniambia mkono wake umeanza kukaza kwenye nyimbo za haraka, unakuwa mzito toka kiwikoni. Nikafurahi, nikasema hilo tunaliweza. Akainamisha kichwa. Akasema, "Babu, siyo uchovu. Namjua anayenifanyia. Tunaimba naye kwaya moja."

Akafungua kinywa ili amtaje.

Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia jina hilo asilitaje, si kwangu, si kwa mama yake, si kwa mtu yeyote. Nikafunga mlango wa uani, nikamwambia atoe gitaa, apige polepole, na nikakaa mbele yake kukitazama kiwiko chake mpaka jua likazama.